Barua kwa dada yangu anayekwenda Kilimanjaro mwezi Desemba

Dada, shikamoo.

Nimeiona picha kwenye kundi la ukoo. Raba mpya, fulana ya kazini kwenu, na tangazo kwamba tarehe 9 Desemba mtakuwa kileleni. Watu wamekupongeza, mjomba ametuma sauti ndefu ya dua, mimi nimekaa kimya. Nasikia umemuuliza mama mdogo kwa nini nimekaa kimya. Simu zangu hupokei tangu msiba wa bibi, kwa hiyo nakuandikia hapa, maana najua hapa unapita kusoma.

Nataka ufike, Mungu ni shahidi. Tangu utoto wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza juu ya kila mti wa mkorosho pale nyumbani, na mimi chini nikishika kanga kudaka mabibo. Lakini goti lako la kulia halijapona, na unalijua hilo kuliko wote wanaokupongeza. Uliposhuka kwenye basi stendi ya Newala ulishika mlango kwanza, ukasimama, ndipo ukaweza kutembea. Nilikuona. Goti linalouma mtu akikaa muda mrefu amelikunja, kisha likauma tena kwenye ngazi, hasa za kushuka, mara nyingi shida yake iko nyuma ya ile pia ya goti, pale inapogandamizwa kwenye mfupa wa paja. Misuli ya paja na ya nyonga ikiwa imelegea, pale panabeba mzigo usio wake. Haya sikuyatoa hewani. Nimeyasikia kwa wataalamu wa viungo nilipokuwa nampeleka bibi kliniki miaka yote ile ambayo wewe ulikuwa unatuma pesa ya nauli na kuuliza "anaendeleaje" kwa ujumbe.

Pesa zilisaidia, sikatai. Ila aliyemshika bibi mkono kuingia kwenye gari ni mimi.

Sasa nisikilize habari ya mlima. Unaniambia kupitia kwa watu kwamba umekuwa unafanya mazoezi ya kupanda ngazi za ghorofa ofisini, na lifti unatumia kushukia. Dada, umefanya kinyume. Kupanda kunamaliza pumzi. Kinachoumiza goti ni kushuka. Unaposhuka, kila hatua mwili wote unaangukia mguu mmoja, na misuli ya mbele ya paja inalazimika kuuzuia huku yenyewe inavutwa. Ikichoka, goti ndilo linalopokea. Na siku ya kilele kwa njia ya Marangu mnaondoka kambi ya Kibo usiku, mita 4,720, mnapanda hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, halafu siku hiyo hiyo mnashuka mnaipita tena Kibo mpaka kambi ya Horombo kwenye mita 3,720. Piga hesabu: ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka kwa siku moja, zile za juu zikiwa za changarawe inayoteleza, mtu hajalala, miguu imekwisha. Mteremko wetu wa kutoka Newala kwenda bondeni ni mita mia kadhaa tu, na uliuona ulivyokufanya.

Nami nitausema huo mteremko, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa.

Kila nikipita pale ukingoni karibu na Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote likiwa chini na Msumbiji ng'ambo, namwona bibi na ndoo. Uwanda wetu hauna mto. Mvua inazama kwenye mchanga na kwenda kutokeza huko chini kwenye chemchemi, na kabla ya mabomba wanawake wa Makonde waliyafuata maji huko huko alfajiri, wakayapandisha kichwani. Hata baada ya mabomba, yalipokatika, bibi alishuka, na sisi nyuma yake na vidumu vyetu. Unakumbuka alivyokuwa akishuka? Hakunyoosha njia hata siku moja. Alikata mshazari, huku kisha kule, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, fimbo inatangulia mguu. Tukikimbia alituita kwa sauti ile, tukarudi. Mwishoni gegedu za magoti yake, ile mito laini kati ya mifupa, zilichakaa, umri na mizigo ile yote, lakini alitembea kwa miguu yake na fimbo yake mpaka mwaka aliofariki.

Siku ya kumzika, gari la ukoo lilikuwa limezunguka barabara ya mbali na wazee, sisi wengine tukashuka kwa njia ya miguu ili tuwahi. Robo tu ya njia ukaanza kuchechemea. Nilitoka kwenye msafara nikakata mti, nikauchonga kwa panga la mjomba, nikaondoa vifundo vyote ili usikuchubue kiganja. Nikakupa. Ukauangalia, ukautupa korongoni, ukasema mbele ya mjomba na mbele ya wakwe wa mama mdogo: "Mimi siyo bibi yenu."

Bibi yenu. Siku ya kumzika.

Mjomba alinyamaza, na mimi nilinyamaza. Najua ulikuwa na maumivu, na najua watu wa mjini wanaona fimbo ni ya wazee. Lakini lile neno sijalipatia mahali pa kuliweka hadi leo. Kama ungenitukana mimi lingekuwa jambo dogo.

Kisha umekwenda kuwaambia watu kwamba nilikuacha mteremkoni na mguu mbovu. Hilo nalijibu hapa, kila mtu asome. Mimi ndiye niliyebeba nguo za bibi na shuka lake jeupe, walikuwa wananingoja chini wamvike. Nilikuacha na mjomba, mtu mzima, anayeijua ile njia hata gizani, pamoja na chupa ya maji. Nilimwambia mpumzike kila penye kivuli na usishuke kwa kunyoosha. Ningebaki na wewe, bibi angevikwa na nani? Ningefanya vilevile hata leo. Wewe ulitaka nikubembeleze, na siku ile sikuwa na pa kutoa bembelezo.

Basi. Turudi kwenye goti, kwa sababu hasira zangu hazitakushusha mlima.

Chukua fimbo mbili za kutembelea, moja kila mkono. Wazungu wengi wanaopanda mlima wanazo, vijana wa miaka ishirini, na hakuna anayewaita bibi. Kwenye kushuka zinaweza kulipunguzia goti mzigo, waliopima wanasema hadi karibu robo kwa kila hatua. Kwenye tambarare ishike kiwiko kikae pembe mraba. Ukianza kushuka irefushe kidogo. Itangulize, ndipo mguu ufuate. Usikimbie ile changarawe hata kama wenzako wanakimbia wakicheka. Begi lako likae na maji, koti na chakula kidogo tu, mengine wape wapagazi, ni kazi yao wanalipwa kwayo. Raba nazo ulizopiga picha, sijui soli yake ikoje, lakini kama vidole vinagusa mbele ukiwa umesimama kwenye mteremko, zibadilishe.

Mazoezi anza leo, maana misuli haijengeki kwa wiki moja, inataka miezi. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika, kisha rudi kukaa polepole sana, hiyo polepole ndiyo dawa yenyewe. Simama kwenye ngazi moja, shusha kisigino cha mguu mmoja hadi kiguse chini huku mguu wa juu ukikubeba, goti lake likielekea vidole, lisilale kwa ndani. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka, hiyo ni ya nyonga, na wengi wanaiacha. Na ngazi za ofisini, zishuke kwa miguu. Maumivu madogo yanayokwisha kabla ya kesho yake asubuhi yavumilie. Yakizidi, au goti likiamka limevimba, punguza.

Uzito pia, dada. Unajua nakupenda, na hili nalisema mimi kwa kuwa wengine wanaogopa. Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua. Hesabu hatua za kutoka kileleni hadi getini.

Halafu hizo diklofenaki, dawa zako za maumivu. Nilizikuta kwenye mkoba wako zimefungwa kwenye kitambaa, na wewe una presha! Dawa za namna hiyo zinapandisha presha, zinachimba tumbo, na mtu aliyekaukiwa maji mlimani zinaweza kumharibia figo. Zaidi ya hayo zinalinyamazisha goti, ukaendelea kulikanyagia lililoumia. Muulize daktari wako kabla, mwambie presha yako na mwambie unakwenda wapi. Goti likivimba ukiwa njiani, pumzika, liweke juu ya begi, lifunge kwa bandeji ya kuvuta isiyobana sana, liwekee kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 au 20. Usimruhusu mtu akuchue kwa nguvu goti lililoumia siku hiyo hiyo, hata akiwa na mafuta mazuri namna gani. Yule jirani aliyekuchua usiku ule wa matanga alikuwa na nia njema, lakini asubuhi lilikuwa limejaa maradufu.

Na kuna mambo ambayo fimbo wala mazoezi hayayatatui: goti likijifunga lisikunjuke, likikuachia ghafla ukaanguka, likivimba saa chache tu baada ya kujipinda, ukishindwa kulikanyagia, au likiwa jekundu la moto na homa juu. Hayo ni hospitali mara moja, na mlimani ni kumwambia kiongozi wenu palepale. Usifiche kama ulivyotuficha.

Ninachoomba ni hiki. Njoo Newala kabla ya Desemba. Najua ni msimu wa korosho na niko ghalani siku nyingi, lakini nitapata nafasi. Tushuke hadi kaburini taratibu, wewe na fimbo zako mbili, tupande, ulale kwangu. Asubuhi tuliangalie goti. Likiwa limetulia, nitakuchangia safari na nitaweka pongezi yangu kwenye kundi kwa jina lako lote. Likiwa limevimba, utawaandikia wenzako kwamba mwaka huu hapana, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea kwa yeyote atakayecheka.

Mjomba naye atakuwepo. Hilo la fimbo mtazungumza wenyewe, mimi langu nimeshalisema.

Mdogo wako