Presha ya ukoo, tuanze na mkono wa mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie presha ya kurithi. Mimi ni nesi. Mama akishaanzishiwa vidonge vya presha, akija kliniki na mwanawe huniuliza: "Nesi, huyu naye hakuna damu ya kumpima tujue mapema?"

Ana haki ya kuuliza, na jibu lake limetafutwa siku nyingi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walipima mkojo wa watoto wakakuta kalikreini, kimeng'enya cha figo, ni kidogo kwenye familia zenye presha ya juu zaidi. Mwaka 1980 wengine wakachunguza jinsi chembe nyekundu za damu zinavyopitisha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa wagonjwa wa presha na ndugu zao. Baadaye ikaja zamu ya kupima asidi ya yuriki, taka ya mwili iliyomo kwenye damu, kwa vijana. Mambo hayo yana faida kwa mtafiti, ila hakuna hata kimoja kitakachomwambia mama huyu kwa uhakika kwamba mwanawe ataugua. Vinasaba vya presha ni vingi mno, na kila kimoja mchango wake ni mdogo.

Kipimo cha maana tunacho, na ndicho tunachokiruka. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unataka mtoto apimwe presha kila mwaka kuanzia miaka 3. Huku kwetu mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, mama anaenda zake. Hata siku akipimwa presha, mara nyingi anafungwa mkanda wa mtu mzima, unakizungukia kile kimkono ukabaki unapwaya. Mkanda ukizidi mkono, namba hushuka. Mwenye presha anaandikwa mzima, na kwa mtoto mdogo presha ya juu mara nyingi hutokana na figo, kwa hiyo kosa hilo si dogo. Tena namba za mtoto hazisomwi kama za baba yake. Hadi afike miaka 13 huangaliwa pamoja na umri, jinsia na urefu wake.

Wapo watakaosema ukoo ni ukoo, tupime tusipime. Wasome utafiti wa Wajaluo waliohama kijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990. Presha zao zilianza kupanda miezi michache tu baada ya kufika mjini, na sodiamu kwenye mkojo ikaongezeka. Damu ni ileile ya kwao, ila chakula kilishabadilika.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti za zahanati: nunueni mikanda ya watoto ya saizi mbalimbali, yote inaenea kwenye droo moja. Na kwenye kadi ya kliniki iongezwe mistari miwili tu: nani nyumbani ana presha, na ya mtoto leo imesoma ngapi.

Nesi wa kliniki ya watoto,
Tanga