SMS ya kukumbusha vidonge isiwe kengele tu

Bwana Mhariri,

Wapo wanaotaka huduma ya kuwakumbusha wanawake kwa SMS kumeza vidonge vya uzazi wa mpango ifike na Lubumbashi. Siipingi. Ila mimi ninayewauzia wamama vidonge hivyo hapa Katuba naona wanatazama kusahau peke yake.

Kusahau kupo, tena sana. Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge kama watu wanavyovitumia kweli, leo wameza, kesho waruka, karibu 7 hushika mimba ndani ya mwaka. Wakimeza bila kukosa, hafiki hata mmoja. Lakini huko Boston, Marekani, watafiti waliwatumia wanawake SMS kila siku kwa miezi mitatu, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliokumbushwa na wasiokumbushwa waliruka karibu sawasawa. Ila New York wasichana walitumiwa SMS za kuwaelimisha, si za kukumbusha tu: baada ya miezi sita, 64 kati ya 100 walikuwa bado wanaendelea na vidonge, na kwa wasiotumiwa ni 54.

Kwangu silioni jambo la ajabu. Anayefika farmasi haulizi saa. Anauliza: "Nimeruka viwili, nitupe pakiti?" Kwa vidonge vya kawaida, vya homoni mbili, akiruka kimoja, akimeze mara akumbukapo, hata kama siku hiyo atameza viwili. Akiruka viwili au zaidi mfululizo, ameze kimoja papo hapo, aendelee na pakiti, na atumie kondomu mpaka zitimie siku saba za kumeza bila kukosa. Vile saba vya mwisho vyenye rangi nyingine havizuii mimba, akivisahau si neno. Mama anayenyonyesha, mwenye vidonge vya homoni moja, kwa aina nyingi akichelewa kwa muda wa saa tatu tu amekwisha kukosa. Na mgonjwa wa kifua kikuu nani atamwambia kwamba dawa yake, rifampisini, inavipunguzia vidonge nguvu? Kengele anayo tayari ndani ya simu yake, wala hailipiwi.

Shida ni kwamba SMS yenye maelezo ndiyo inayomwanika mwenyewe. Simu ya nyumbani haina mwenyewe mmoja: mtoto anachezea, mama mkwe anaomba apige, umeme ukikatika inapelekwa kuchajishwa kwa jirani. Neno "kidonge" likitokea kwenye kioo bwana akiwa amerudi kutoka Kolwezi, atakayelala nje si mtuma SMS. (Wabwana wanaojua na kukubali wapo, nawauzia wenyewe.)

Basi SMS ya kila siku isitaje dawa kabisa, na saa achague mwanamke. Maelezo yaje pale anapouliza yeye, bila kukatwa unite (salio la simu), kwa Kiswahili chetu, si kwa Kifaransa cha daktari. Namba isipojibu kwa muda, waache kuitumia SMS: hapa mtu ana kadi mbili tatu za simu, na namba iliyoachwa hupewa mtu mwingine.

Muuzaji wa farmasi,
Katuba, Lubumbashi