Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: Somo Litangulie Kofi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu kutoka Isevya. Mimi ni mwalimu mstaafu, na uani kwangu kuna vyumba sita ninavyopangisha wanafunzi wa vyuo. Wenyewe huviita mageto.

Mwaka jana, msimu wa maembe, binti wa mwaka wa pili aliyekaa chumba cha tatu alianza kufungulia redio kwa sauti ya juu kila mchumba wake alipokuja. Nilimgombeza mara mbili. Mara ya tatu nikaenda kugonga mlango. Nje, wali ulikuwa unaungulia kwenye jiko la mkaa na hakuna aliyekuja kuuepua. Alipofungua, alikuwa amejifunika mtandio hadi chini ya macho, na joto lote lile. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Hajanipiga mama, amenisukuma tu. Ana wivu."

Kumbe redio ilikuwa ya kufunika kilio. Mtu mzima mimi, miezi miwili nilikuwa nagombana na redio.

Usiku ule tulikaa mkekani tukimenya karanga, akanisimulia. Kijana alianza kwa kutaka neno la siri la simu yake. Ikaja amri ya kupiga simu ya video ili aonyeshe yupo wapi na nani. Marafiki wakapunguzwa mmoja mmoja. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, lilipoingia, kadi ya benki ikakaa kwa kijana. Kofi la kwanza lilipokuja, binti alishazoea kuomba msamaha. Kila hatua aliihesabu kuwa ni mapenzi. Na kijana mwenyewe, Mheshimiwa, si mhuni wa vijiweni. Alikuwa akinisalimia kwa adabu na kunibebea ndoo za maji. Naamini naye hakuwahi kufundishwa afanye nini na wivu wake.

Nilipomwambia twende polisi aliniuliza, "Si mume wangu, nitamshtaki kwa lipi?" Nikamweleza kwamba hata mume hana ruhusa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na Kanuni ya Adhabu inahesabu shambulio kuwa kosa, mpigaji awe nani. Tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto, wakatusikiliza vizuri, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali. Nawashukuru. Lakini wote hao tuliwafikia jicho likiwa limeshavimba.

Ndiyo maana nakuandikia. Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, tunaadhimisha siku 16 za kupinga ukatili, nami nimeandamana. Ila maandamano hayamfundishi kijana afanye nini saa tano ya usiku, mwenzake asipopokea simu. Hilo linataka somo, tena la kujirudia.

Naomba utumie nafasi yako kuvikutanisha vyuo vyote vya mkoa huu, ili wiki ya mapokezi ya mwaka wa kwanza iwe mwanzo wa vipindi vitakavyoendelea muhula mzima. Wavulana na wasichana wakae pamoja, waigize: namna ya kukataa, namna ya kupokea kukataliwa, namna ya kuachana bila vitisho, na jirani wa chumba afanye nini akisikia. Hotuba moja ya mgeni rasmi haitoshi. Miaka yangu ya ualimu imenionyesha hivyo.

Jambo hili limeshapimwa kwingine. Kampala, mradi wenye jina la Kiswahili, SASA!, uliwaandaa watu wa kawaida mitaani kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu na matumizi yake ndani ya mahusiano. Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2012 ulikuta kipigo kutoka kwa wenza kiko chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyofikiwa kuliko ile ambayo haikufikiwa. Huko North Carolina, Marekani, programu ya Safe Dates yenye vipindi 10 ilifundishwa shuleni, na miaka 4 baadaye waliosoma walikuwa na ukatili mdogo kuliko wenzao. Hao walikuwa wadogo kuliko hawa wetu, kwa hiyo nadhani hata mwaka wa kwanza chuoni tunachelewa kidogo.

Na sisi wenye nyumba tuitwe. Wanafunzi wengi hawalali hosteli, wanalala kwetu, na mshauri wa wanafunzi hawezi kusikia kinachotokea uani kwangu. Watendaji wa mitaa watuweke kikao kimoja tu, tujue dalili na tujue pa kumpeleka mtoto. Ukikosekana ukumbi, ua wangu una kivuli cha mwembe na mabenchi naweza kuazima msikitini.

Binti alihama, anaendelea na masomo. Wapangaji wapya wanaingia mwezi wa kumi, na vyumba viwili vimeshalipiwa, cha tatu kikiwa kimojawapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, Isevya, Tabora