Joto la chumba cha rubani lishughulikiwe ndege ikiwa bado chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie joto la chumba cha rubani katika ndege za pangaboi, joto ambalo abiria hulivumilia kwa dakika chache lakini rubani hushinda nalo kutwa nzima.

Angani si tatizo kubwa, kwani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi kila ndege inapopanda futi 1,000. Taabu iko chini. Ndege ikiegeshwa juani Mafia, jua huingia kwa vioo vikubwa vya mbele, dashibodi nyeusi hulifyonza, na joto hukosa pa kutokea. Katika Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kompresa ya kiyoyozi (nazo si Caravan zote zenye kiyoyozi) huzungushwa na injini yenyewe, hivyo rubani anayekagua karatasi za mzigo huku akisubiri abiria waliochelewa hana ubaridi wowote mpaka awashe injini, na hali hiyo hujirudia katika kila kiwanja anachotua. ATR 72, ndege kubwa zaidi yenye injini mbili, ina nafuu: injini ya kulia huweza kuwashwa huku panga lake limefungwa breki, ikatoa umeme na hewa ya kuendeshea viyoyozi, ingawa kwa gharama ya mafuta na kelele.

Kinachonisikitisha ni kwamba saa hizo za joto kali ndizo zinazodai hesabu makini kuliko zote. Hewa ya moto ni nyepesi, nguvu ya injini hupungua, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia; hesabu hiyo tunamwachia mtu aliyelowa jasho, mwenye kiu na aliyeanza kuchoka.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Vioo vifunikwe kwa nje, kwa vifuniko vilivyotengenezwa kwa ndege husika, mara tu injini inapozimwa. Milango iachwe wazi panapokuwa na mlinzi. Maji ya kunywa yawe karibu na kiti cha rubani. Katika viwanja vyenye safari nyingi, mashine ya kusukuma hewa baridi kutoka ardhini ihesabiwe kuwa kifaa cha usalama, si anasa ya abiria.

Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iyaangalie mambo haya inapokagua kampuni za ndege, kabla msimu wa joto wa Desemba haujaanza.

Fundi wa ndege,
Dar es Salaam