Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Yanaingilia Juu

Ndugu wanajumuiya, Assalaam alaykum.

Mwaka jana nilisimama hapa nikakusomeeni barua tulizoandika na vikao tulivyohudhuria. Mwaka huu nataka nizungumze habari ya mapaa, maana ndiko Mji Mkongwe wetu huu wa Unguja unakofia.

Nyumba ya mawe haianguki kwa uzee. Kuta zake ni nene, nyingi zinafika nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta kama huo ukiwa mkavu utamzika aliyeujenga, na mwanawe, na mjukuu wake. Ukilowa, udongo wa ndani unageuka tope, chokaa inalegea, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani vinaoza huko huko ndani bila ya mtu kuviona. Aliyekaa ukumbini anaona doa la unyevu kwenye lipu. Anapaka rangi juu yake. Halafu siku moja dari inashuka.

Wakati wa masika tuligawana mitaa, tukapita Malindi, Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo na Vuga pamoja na masheha, ambao nawashukuru kwa kutufungulia milango. Tulichokiona ni kile kile kila tulipoingia. Ukiufuata ufa mbaya kutoka chini kwenda juu, mwisho wake unakuta bati lililotoboka, au mfereji wa paa uliojaa majani, au tangi la maji lililowekwa juu ya boriti ambazo hazikuwekewa kubeba mzigo ule. Wazee waliojenga nyumba za sakafu juu, yaani zenye paa bapa la chokaa, walikuwa wakiisugua na kuipaka chokaa kila mara, na wengi baadaye wakaamua kuiezeka mabati juu yake kwa sababu mvua zetu hazina huruma. Sisi tumerithi paa lakini hatukurithi ile tabia ya kupanda juu kulitazama.

Nyumba ya Kiponda mnaijua nyote. Warithi wake wamefika kizazi cha tatu, wengine wako hapa Unguja, wengine Dar es Salaam, wengine Maskati. Kila mmoja ana fungu, na kwa hivyo hakuna mwenye nyumba. Tulikuwa tumeandika barua kuhusu hali yake, tukawa tunasubiri majibu. Mwezi wa Februari nilipita pale mwenyewe, nikauona mfereji umening'inia na maji ya mvua ndogo tu yanateremkia ukutani. Nikasema tungoje barua ijibiwe. Usiku mmoja wa Aprili pembe ya juu ikaporomoka uchochoroni. Alhamdulillahi hapakuwa na mpita njia, lakini yule bibi anayekaa chini alitolewa na majirani kwa tochi, na nyumba aliyoingia akiwa bi harusi imemfungia mlango kwa miezi. Siku ile ya Februari ngazi na fundi mmoja vingetosha. Hilo ni kosa langu, na nimemwendea bibi kumtaka radhi.

Baada ya hapo ndipo warithi walipokaa. Kikao hakikuwa chepesi, kwa sababu kila anayeanza na habari ya ukuta anaishia na habari ya shamba lililouzwa zamani. Walio mbali waliingia kwa simu. Mwisho walikubaliana neno moja tu, kwamba kodi ya duka la chini isigawiwe kwanza mpaka paa limalizike. Fedha ile si nyingi, lakini inaingia kila mwezi, na paa limekwisha kuezekwa. Wanajumuiya, nimelikalia jambo hili na kulifikiri sana. Tumekuwa tukitafuta wafadhili wa kutengeneza nyumba nzima nzima, na huku nyumba nyingi zinaangushwa na kitu ambacho kodi ya duka inaweza kukitengeneza. Napendekeza makubaliano ya Kiponda yaandikwe vizuri na wakili, ili familia nyingine ziyatumie kama kiolezo.

Nyumba za wakfu zina shida inayofanana na hiyo: kodi yake nyingi ni ndogo, haikidhi hata kuziba bati. Mazungumzo yanaendelea na sina zaidi la kusema leo.

Sasa chokaa. Vijana wanaojifunza kazi kwa fundi wetu mkuu wameendelea kuja, nao ndio walionipa furaha kubwa mwaka huu. Tumechimba shimo jipya la kulowekea, kwa sababu chokaa iliyotoka tanurini ikazimwa maji na kutumiwa wiki ile ile haiwi chokaa ya kazi. Inataka ikae miezi, inanona kama samli. Fundi huwatia vijana mikono ndani waishike, waijue iliyoiva na isiyoiva. Wengi wao walikuja wakiamini kwamba saruji ni bora kwa kuwa ni ngumu. Wamekwisha kuona wenyewe: ukuta wa mawe uliopigwa lipu ya saruji hauna pa kutolea unyevu, maji yanafungika ndani pamoja na chumvi, na siku lipu ile inapobanduka inaondoka na jiwe lake. Nawasihi wenye nyumba mlio hapa, fundi akikwambieni atamaliza kwa mifuko mitatu ya saruji, mwacheni aende zake.

Boriti ndizo zinazotusumbua. Zamani zikija kwa majahazi kutoka Rufiji, na urefu wao ndio uliopanga upana wa vyumba vyetu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Leo mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe. Kwa hivyo tunaokota kila boriti nzima inayotoka kwenye nyumba iliyobomoka na kuihifadhi. Anayejua inakopatikana atuambie kabla haijawa kuni.

Mmeniuliza wengi kuhusu Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Kasri lile la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, kisha likaporomoka upande mzima tarehe 25 Desemba 2020, huku likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu. Wengi wetu tuliwapeleka watoto wetu mle kuutazama mtepe, chombo cha baharini cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliokuwa umesimama uani. Nataka lirudi kama mnavyotaka nyinyi. Lakini mwaka 2000 UNESCO haikuandika kasri peke yake katika Orodha ya Urithi wa Dunia, iliandika mji wenye majengo kama 1,700, na mengi ya hayo ni nyumba tunazolala. Beit al-Ajaib lina serikali na wahisani wa kulishughulikia. Nyumba ya nyuma ya Hamamni ina sisi na majirani zetu.

Kwa hiyo kamati imekubali ombi langu: fungu kubwa la ada zenu mwaka ujao litanunua ngazi ndefu mbili, mabati na mifereji, na kulipa mafundi wa siku. Ripoti ya picha za milango, iliyopangwa kuchapishwa mwaka huu, itasubiri. Najua waliokusanya picha zile watasikitika, na kazi yao nimeithamini. Hesabu kamili atakusomeeni mweka hazina. Kazi ndogo za kuziba na kusafisha tutazifanya wenyewe. Palipo na kazi ya kubadilisha chochote tutaomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, kama sheria inavyotaka.

Vuli haiko mbali. Orodha ya nyumba ishirini za mwanzo iko kwa katibu, na mwenye nyumba isiyomo aandikishe leo kabla ya kuondoka. Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi, Kiponda, pale pale kwa bibi, ambaye amerudi nyumbani kwake wiki iliyopita na ameahidi kutupikia chai.