Barua kwa mwanangu: kuhusu ile ekzosi

Marahaba, mama. Sauti uliyotuma jana usiku nimeisikiliza mara tatu: mara mbili kwa ajili yako, ya tatu kwa ajili ya pikipiki. Nyuma ya maneno yako injini ilikuwa inafoka, na kabla hujafika kwenye neno ekzosi nilishajua bomba la moshi limetoboka. Mama yako akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia mzee mwenzangu anakohoa huko Kilosa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu haya ya spana kwenye simu utayasikia nusu, nusu nyingine mtandao utaimeza. Isome, halafu mpe fundi naye asome. Asipotaka, simama pembeni yake ukiwa nayo mkononi.

Kwanza, usijilaumu. Kutoka kwako mpaka shuleni ni dakika kumi, bomba halipati hata muda wa kuchemka. Petroli ikiungua hutoa mvuke, mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji, tena maji yenye uchachu. Yanatulia tumboni mwa ekzosi na kuila kutokea ndani. Nje unaona rangi iko vizuri tu, mpaka siku kidole kinapozama. Mimi nilikuwa naenda nayo Handeni na kurudi, inakauka njiani, ndiyo maana ilinivumilia miaka yote ile.

Sasa hizo picha mbili za ekzosi mpya ulizotuma, ukiuliza uchukue ipi. Ile fupi inayong'aa, yenye mdomo kama tarumbeta, ambayo fundi anakwambia inaongeza mbio, mwachie aifunge kwenye ya kwake. Hiyo pikipiki yako ya SanLG ina nguvu ya farasi kumi hivi ikiwa mpya, na haijawa mpya tangu ukiwa msingi. Ndani ya ekzosi ya kawaida kuna kuta na vibomba vinavyouzungusha moshi, na kelele inafia humo. Hiyo fupi imetolewa utumbo. Moshi unapita moja kwa moja, kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, bado imepangwa kwa ekzosi ya zamani, kwa hiyo petroli inakuwa haba kuliko hewa. Ukiachia mafuta kwenye mteremko utasikia pa-pa-pa, na ukifungua plagi utaikuta nyeupe kama chaki yako ya darasani badala ya rangi ya kahawia. Hapo utaambiwa ununue jeti kubwa zaidi, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta. Ukishainunua, utagundua ukiondoka na mwenzako nyuma pikipiki imekuwa nzito kuliko jana. Mbio zote zimeishia masikioni. (Wanafunzi wako wataipenda, hilo sikatai. Mwalimu anayesikika akiwa bado ng'ambo ya mto ni neema kwa darasa linalopiga kelele.)

Chukua ile nyeusi ya shilingi 45,000. Sisemi ni nzuri. Hata kwenye picha naona bati lake ni jembamba, na aliyeichomelea alikuwa kama anapiga chafya. Lakini utumbo inao. Ukiwa dukani itikise karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, irudishe, omba nyingine. Tazama uso wa shingo, pale inapokutana na injini, uwe bapa pande zote. Kisha igeuze uangalie chini, nyingi zina kitobo kidogo kiasi cha kupitisha sindano ya gunia. Ni cha kutolea yale maji niliyokwambia. Fundi akisema ni kasoro na kutaka kukiziba, mkatalie.

Muuzaji atakuapia kwamba inaingia, kwa sababu ni ya CG. Hasemi uongo wote. Honda walipotoa pikipiki ya CG125 mwaka 1976 walitaka injini itakayostahimili watu wanaosahau kubadilisha oili, wakaweka fito za kusukuma valvu badala ya mnyororo. Wachina wakaiga injini hiyo kwenye pikipiki zisizo na idadi, na yako ni mojawapo. Kwa hiyo shingoni itakaa. Shida iko nyuma, kwenye kishikizo, maana kila kiwanda kilichora fremu kivyake. Tundu la ekzosi na tundu la fremu yatapishana kwa unene wa kidole. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanaingiza boliti kwa nguvu, wanavuta bomba mpaka likubali. Likikubali leo, litapasuka shingoni mwezi ujao, kwa sababu linatetemeka huku limepindwa. Tundu lipanuliwe kwa tupa ya mviringo, au kishikizo kichomelewe upya. Wakichomelea kikiwa kwenye pikipiki, betri itolewe waya kwanza. Ni kazi ya nusu saa na soda moja.

Ila kabla ya yote hayo kuna kuitoa ya zamani, na hapo ndipo naomba uwe mkali. Zile nati mbili za shingo zimekaa na joto na tope miaka. Leo jioni zipake dizeli, na kesho asubuhi tena. Wakati wa kufungua, washa injini kidogo ipate uvuguvugu, izime, ndipo spana ya ringi iingie, siyo ile ya mdomo wazi. Nati ikilegea kidogo ikakwama, irudishwe, dizeli tena, ilegezwe tena. Ni kama kumtoa mbuzi kwenye boma la mtu. Mwaka fulani mimi niliikanyagia spana mguu. Stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikakatika usawa na hedi, yaani kichwa cha injini, tik, sauti ndogo kabisa, na ile tik ikanila siku mbili za kutoboa na kukata meno mapya. Ekzosi yenyewe haikufika nusu ya gharama hiyo.

Gasketi ya zamani, ile ringi ya kuziba kati ya shingo na injini, usikubali irudi. Hubonyea mara moja tu katika maisha yake. Atakwambia bado nzima. Ni kweli, nzima kama embe lililokwisha kukamuliwa. Halafu mpangilio: kila kitu kiingizwe kwa vidole kwanza, shingo na kishikizo, vyote vikiwa vinacheza. Ndipo nati za shingo zikazwe kwa zamu, robo huku robo kule, zibane sawasawa. Kishikizo mwisho. Akianza na kishikizo, mwambie baba amesema hapana. Ukimaliza futa alama zote za mikono yenye grisi, usipofuta zitaokwa pale pale. Washa, na mwenzako azibe mdomo wa nyuma kwa tambara nene kwa sekunde mbili wakati bomba bado la baridi. Ukisikia fss shingoni, inavuja. Rangi itatoa moshi siku ya kwanza na kunuka, usitupe maji. Wiki ikipita, kaza nati tena ikiwa imepoa.

Nimelizunguka jambo moja tangu mwanzo wa barua.

Kwenye picha ya ile nyeusi sijaona kava la kukinga joto. Unalijua kovu la mama yako, lile la mguu wa kulia. Wewe ulikuwa darasa la tatu, tukakwambia aliteleza akagusa bomba. Hakuteleza. Mwaka ule nilifunga ekzosi ya bei rahisi kama hiyo, matundu ya kava la zamani yakakataa kukutana na ya bomba jipya. Nikalitundika kava kwenye msumari wa stoo, nikasema kesho nitalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Wiki tatu nilipita chini ya msumari ule nikichukua jembe, nikichukua mkaa, naliona. Siku tunarudi msibani Mombo nikasimamisha kando ya barabara, kushoto kukawa na mtaro, akashukia kulia. Alisema tu "aa," kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye ekzosi. Jirani akaja mbio na dawa ya meno, nikamzuia, tukamwagia maji ya dumu mpaka dumu likaisha. Usiku ule nikalifunga lile kava kwa waya, nikimulikiwa tochi na yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Hajanisema hata siku moja. Angenisema ningepumzika.

Wewe unabeba walimu wenzako, na wenye sketi hushuka popote. Kwa hiyo usiendeshe hata siku moja bila kava, hata mpaka dukani.

Nimetoka kutazama: pale msumarini lipo kava jingine, niliokota gereji nikalinyoosha. Nimelipitisha msasa na kulitoboa matundu manne badala ya mawili, mojawapo lazima likubali. Linakuja na basi la kesho asubuhi pamoja na gasketi mbili, moja ya kufunga na moja ya kuharibu, na boliti zenye wosha. Konda ana namba yako. Uwe stendi ya Msamvu, Morogoro, saa nane, wasije wakalipitisha mpaka Dodoma. Juu kuna machungwa, usilalie mzigo.

Mama yako amechukua kalamu ya wino akaandika jina lako juu ya kava, herufi kubwa, ili lisipotee. Nimemwambia wino huo utaungua siku ya kwanza. Amesema uungue tu.

Baba yako,
Korogwe