Kisasi cha kijijini huanzia shambani

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya juma lililopita kuhusu tamthilia za vijijini kutoka India na Pakistani, zile zinazoingizwa sauti za Kiswahili na kutukusanya sebuleni kila jioni. Mwandishi amezichambua vizuri upande wa uigizaji. Ila alipofika kwenye kisasi, alikieleza kama kitu kilichomo kwenye damu ya watu: koo mbili zenye hasira, heshima iliyoguswa, vijana wasiojua kusamehe. Hapo napingana naye, maana maelezo hayo yanawaonea watu wa vijiji vile.

Nazipenda tamthilia hizo, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonisukuma nisome habari za kweli za huko. Nilichokikuta ni kwamba mara nyingi, kabla bunduki haijashikwa, palikuwa na shamba lililonyang'anywa, na mtu aliyepeleka malalamiko yake kwa wakubwa akafukuzwa.

Tumtazame Phoolan Devi, mwanamke wa India aliyetoka ujambazini akaishia bungeni. Alizaliwa 1963 katika kijiji cha wilaya ya Jalaun, jimbo la Uttar Pradesh, kwa wazazi maskini wa tabaka la Mallah, watu wa mitumbwi, ambao katika ngazi ya matabaka wako chini. Baba yake alikuwa akidai haki yake katika ardhi ya ukoo iliyoshikiliwa na jamaa zake. Palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao familia iliuona kama akiba. Binamu yake aliukata akauuza. Baba alinyamaza. Aliyesimama na kumsema binamu hadharani alikuwa yule binti, mtoto bado. Alipata kipigo, na akiwa na miaka 11 akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mara tatu hivi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Aliangukia mikononi mwa majambazi wa mabonde ya Chambal, akawa mmoja wao. Kiongozi wake, Vikram Mallah, aliuawa na ndugu wawili wa tabaka la Thakur, tabaka la wenye ardhi. Phoolan akapelekwa kijiji cha Behmai, akafungiwa na kubakwa. Tarehe 14 Februari 1981 kundi la majambazi la Phoolan liliingia Behmai, likawatoa wanaume nje na kuwamiminia risasi. Walikufa watu 20, wengi wao Thakur. Wale ndugu wawili waliokuwa wakitafutwa hawakuwamo.

Hili la mwisho ndilo ningependa mwandishi wenu alikalie kitako. Tamthilia nyingi huisha adui anapoanguka, nasi tunaenda kulala tumeridhika. Behmai walioanguka walikuwa baba na waume za watu, na adui mwenyewe hakuwapo. Wajane walibaki wakisubiri mahakama. Hukumu ilitoka Februari 2024, miaka 43 baadaye, mtuhumiwa mmoja akapewa kifungo cha maisha. Wakati huo wengi wa waliohusika, mashahidi na washtakiwa, walikuwa wameshafariki. Phoolan mwenyewe alikana kwamba ndiye aliyeua, na hakuwahi kuhukumiwa kwa mauaji yale.

Alijisalimisha Februari 1983 mjini Bhind, mbele ya waziri mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh na maelfu ya watu, akaweka bunduki yake chini mbele ya picha ya Gandhi na ya mungu wa kike Durga. Kati ya masharti aliyoyatoa ni kwamba asinyongwe, na kwamba familia yake ipewe ardhi. Baada ya damu yote ile, bado alikuwa akidai kile ambacho baba yake alikidai! Alikaa jela miaka 11 bila kesi kuamuliwa, akaachiwa 1994, na 1996 wapiga kura wa Mirzapur wakampeleka bungeni. Tarehe 25 Julai 2001 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Delhi. Mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo alikuwa amedai kwamba analipiza kisasi cha Behmai.

Huko Pakistani, Juni 2002, katika kijiji cha Meerwala kusini mwa Punjab, ukoo wa Mastoi wenye ardhi na nguvu ulimtuhumu mvulana wa miaka 12 hivi, mdogo wa mwanamke aitwaye Mukhtar Mai, kwamba ana uhusiano na msichana wao. Baraza la wanaume likakaa, na Mukhtar akabakwa na kundi la wanaume ili familia yake iadhibiwe. Imamu wa kijiji aliukemea uovu huo katika hotuba ya Ijumaa, na hapo ndipo habari zikatoka. Mukhtar alikwenda mahakamani. Fedha za fidia alizopewa na serikali alizitumia kufungua shule, na watoto wa ukoo wa Mastoi nao wakasoma humo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Pakistani ilikubali kuachiwa kwa watano kati ya sita waliokuwa wametiwa hatiani mwanzoni. Mwanamke huyu alinyimwa haki na bado hakushika silaha. Sijui kwa nini wanawake wa namna yake hawaonekani sana kwenye tamthilia tunazoletewa.

Na ule ugomvi wa kiti cha baraza la kijiji, ambao makala iliugusa kwa mstari mmoja tu, nao una historia yake. Tangu 1993 katiba ya India inataka angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji iwe ya wanawake, na vingine vitengwe kwa ajili ya matabaka yaliyobaguliwa. Waliozoea kuamua peke yao walilazimika kukaa meza moja na watu waliokuwa vibarua wao. Wengine wakatafuta njia ya pembeni, mke akichaguliwa mume ndiye anayeendesha ofisi.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mwandishi wenu akiandika tena atueleze shamba linalogombewa katika tamthilia lilikuwa la nani mwanzoni, nani ana hati yake, na yule aliyedhulumiwa alipokwenda kituo cha polisi aliambiwa nini.

Msomaji wenu,
Tanga